Waya Tatu za Gari la Marehemu

Mimi si mtu wa hadithi za kutisha, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata pombe ya ulanzi. Hili lilinitokea mchana kweupe, hapa hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, miaka ile ya tisini nilipokuwa fundi umeme wa magari. Usiponiamini, shauri yako. Mama Leokadia alikuwepo, na yule mama hajui kudanganya, anajua kugomba tu.

Ndiye aliyeniletea gari. Mume wake, Mzee Kasiani, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kumwachia gari dogo kuukuu la Ulaya, alilolipenda kuliko watu wengi. Sasa likawa linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka machungani, na moshi mweusi unatoka nyuma kama tanuri la matofali. Jumamosi ile binti yao, Leokadia, alikuwa anaolewa Mang'ula, na mama alitaka apelekwe kwa gari la baba yake.

Tatizo lilikuwa sensa. Tulia, siyo ile ya kuhesabu watu. Ni kidude kinachokaa kwenye bomba la moshi, kinaunusa ule moshi, kisha kinaiarifu kompyuta ya gari kama petroli imezidi. Cha zamani kilikuwa na waya moja, na kilikuwa kimekufa. Shemeji yake wa Dar akatuma kipya chenye waya nne, maana kipya kina hita ndani, kinapashwa moto na umeme ili kianze kunusa mapema. Kwa hiyo waya moja nikaiunga pale pale pa zamani. Zile tatu nikazitafutia njia mpya: umeme wa swichi kupitia fyuzi, na waya za kurudisha umeme kwenye bodi la gari. Nikachomea kwa risasi ya kulehemu, nikafunga tepu. Gari likanguruma vizuri, moshi ukawa hauonekani.

Asubuhi yake nikakuta zile waya tatu zimetolewa. Hazikukatwa, zilifunguliwa kistaarabu, zikaviringishwa na kuwekwa juu ya kiti cha dereva. Ile moja ya zamani haikuguswa. Nikamgombeza fundi mwenzangu Beno mpaka akataka kulia. Nikaunga upya, nikaenda kula ubwabwa kwa mama ntilie. Kurudi, waya tatu ziko juu ya kiti, zimeviringishwa. Wewe ungefanya nini? Mimi nikaunga tena, na safari hii sikubanduka.

Mvua ya masika ikaanza kupiga mabati ya gereji, maji yakatiririka mpaka chini ya gari. Nikiwa nimelala chini ya gari, nikaona viatu vya ngozi vimesimama karibu na kichwa changu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hizo waya za nini?"

Akainama, akaingia chini ya gari na koti lake la kijivu, akalala pembeni yangu. Nikadhani ni mmoja wa wale wazee wastaafu wa kiwanda cha sukari wasio na pa kwenda. Nikamweleza habari za hita.

"Yaani unapeleka moto kwenye bomba ambalo lina moto tayari?" akauliza. "Nani alikufundisha kazi?"

"Mzee, gari likiwaka asubuhi bomba ni la baridi."

"Litapata moto lenyewe. Limepata moto lenyewe miaka yote."

Tukabishana, ndugu yangu! Mimi nasema hivi, yeye anasema vile. Mwishowe nikapandwa na hasira, nikamwambia mambo ya siku hizi hayajui, na kama hataki kuelewa basi anishikie koleo anyamaze. Akalishika. Injini niliyoiwasha kujaribu ilikuwa imeunguruma muda mrefu, bomba linachoma. Akanyoosha mkono mwingine akalikamata lile bomba, akatulia nalo.

"Mbona lina moto wa kutosha?" akasema.

Hakushtuka. Hakuungua. Ndipo nikaliangalia lile koti. Mvua yote ile, tope lote lile tulilolalia, na koti kavu kama limetoka kupigwa pasi.

Mara nikasikia sauti ya Mama Leokadia mlangoni. "Fundi, unaongea na..." Akainama, akaona. Nilitegemea apige yowe. Wapi!

"Baba Leo! Toka chini ya gari!"

Mzee akatoka polepole, kama mwanafunzi aliyekamatwa akitoroka. "Nilikuwa nauliza tu," akasema.

"Ulikuwa unauliza! Na waya nani anazifungua? Jiko la umeme ulikataa, bati jipya ulikataa, sasa umekufa bado unakataa? Mtoto wako anaolewa Jumamosi. Unataka afike kanisani shela nyeusi kwa moshi?"

Mzee akaangalia viatu vyake. Kisha akanigeukia. "Fyuzi umeweka?"

"Ni... nimeweka, mzee."

"Ya ngapi?"

"Ampea kumi."

"Haya." Akanirudishia koleo. Vidole vyetu vikagusana, baridi ikanipanda hadi begani. Akazunguka nyuma ya gari, na upande wa pili hakutokea.

Mimi nilijikuta ndani ya buti la gari, sijui niliingiaje. Mama Leokadia akanigongea na mwamvuli. "Toka umalizie kazi kabla hajabadili mawazo."

Jumamosi akanilazimisha niendeshe mwenyewe, eti mzee ameshanizoea. Gari lilienda kama jipya. Tulipofika katikati ya njia, kiti cha mbele kikiwa kitupu kabisa, sauti ikasema, "Punguza, kuna kona." Bibi harusi akaanza kulia. Mama yake akamjibu mumewe kutoka nyuma, "Nyamaza, tumechelewa." Mimi nikapunguza, kona ikapita, tukafika Mang'ula.

Tangu mzee aliponirudishia koleo, vidole hivi vitatu alivyovigusa havisikii moto. Nashika bomba la gari lililotoka safari, nashika sufuria jikoni, mke wangu anageuza uso. Kazini vimenisaidia, sikatai, ila usiku vinakuwa baridi mpaka navilalia.

Kwa hiyo wewe unayenunua gari la marehemu, kwanza ulizia alikuwa mtu wa namna gani. Na akija mzee usiyemjua akakuuliza waya hizi za nini, mjibu kwa adabu, mweleze mpaka aridhike. Usibishane naye. Yeye ana muda wote. Wewe una kazi.