Rejista ya Miguu ya Bi Nukta

Bi Nukta aliajiriwa karakana ya miguu ya bandia akiwa mpiga chapa, na hakuna aliyemtarajia afanye zaidi ya hapo. Achape barua za mkuu, achape kadi za wateja, jioni arudi kwake. Mwaka wake wa tatu karakana ikaletewa kompyuta mbili, zikakaa kwenye maboksi miezi minne kwa sababu kila mtu alizipitia mbali. Yeye ndiye aliyezifungua. Alikisoma kitabu kilichokuja nazo akakimaliza, akakirudia, akaazima kingine, na kabla mtoto wake wa pili hajaanza kutembea alikuwa ameandika programu yake mwenyewe ya kutunza vipimo vya wateja. Wenzake aliwafundisha amri kwa sauti, kama anayemsomea mtu barua: "Andika miguu, halafu nukta, halafu herufi hizi tatu." Basi jina la Bi Nukta likamganda. Lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za ofisini.

Programu yenyewe, aliyoiita rejista, haikuwa na madoido: skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Lakini ilijua kazi. Bi Nukta aliingiza vipimo katika chumba cha vipimo, vikapita kwenye waya hadi chumba cha kuchonga, na fundi mkuu wa kuchonga, ambaye wote walimwita Patasi, alilazimika kubonyeza kwamba ameviona. Asipobonyeza, havihifadhiwi. Bi Nukta aliipanga hivyo kwa makusudi, baada ya mteja mmoja kuchongewa mguu kwa karatasi ya mtu mwingine. Toka siku hiyo, miaka ishirini na sita, kosa kama lile halikurudi, na watu elfu moja na mia nne walikuwa mle ndani, kila mmoja na kigutu chake, mwaka kwa mwaka, pamoja na maneno aliyoyasema mwenyewe: hapa panachoma, hapa panalegea nikipanda ngazi.

Jumatatu moja asubuhi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta zote mbili zikalia mara moja na kunyamaza. Harufu ya kuungua ilikaa chumbani hadi saa sita.

Mkuu wa karakana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Alimwita ofisini, akamvutia kiti.

"Bi Nukta, tusidanganyane. Zile zilishazeeka. Kuna kampuni imetuonyesha mfumo mpya, mzuri. Vipimo vya zamani hauwezi kuvisoma, kwa hiyo tutaanza upya."

"Na watu wote wale, mkuu?"

"Tutawapima tena wakija."

"Tutapima kigutu cha leo. Cha miaka kumi iliyopita tutakipimaje?"

Mkuu akakuna kidevu. Alijua swali lilikuwa la haki, maana nje kwenye benchi alikaa mwashi mmoja na magongo yake mawili, mguu wake wa bandia umepasuka kikombeni, pale kigutu kinapoingia. Alishatengenezewa mitano maishani. Alichoomba ni kimoja tu: achongewe kama ule wa tatu, ambao alipanda nao majukwaa miaka sita bila kidonda. Na umbo la ule wa tatu halikuwa kichwani mwa mtu yeyote. Lilikuwa ndani ya mashine iliyoungua.

"Wiki mbili," mkuu akasema. "Zikipita, tunachukua mfumo mpya."

Nyumbani mumewe alimkuta ameshika tama mezani. Alipoelezwa, hakumpa pole. "Una wifi anayefufua simu zilizotumbukia chooni," alisema, "halafu unakaa hapa kulia?"

Wifi mtu, si wifi ya mtandao, mdogo wake mume, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na ulimi mkali kuliko bisibisi zake. Jumamosi asubuhi, kibandani kwake, aliifungua kompyuta ya chumba cha vipimo, akatoa diski, akaipulizia vumbi, akaiunganisha kwa kebo kwenye mashine yake. Ikaanza kuzunguka kwa sauti ya mluzi. Bi Nukta alishika pumzi mpaka orodha ya mafaili ilipojitokeza, yote, na majina aliyoyapa kwa mkono wake. Diski ya chumba cha kuchonga ilikuwa imekufa kabisa, lakini hii ilikuwa hai. Wakafanya nakala mara mbili.

"Sasa tunaiweka wapi, wifi? Mashine za aina ile hazipo tena."

Wifi yake akatoa kwenye droo kikompyuta kisichozidi kiganja, hakina hata kasha. "Humu. Kuna programu ya kuigiza. Ukiiwasha, kinajifanya kompyuta ya miaka ile, na hiyo rejista yako haitajua kama imehamishwa nyumba."

Wakawasha. Rejista ikafunguka, ikaandika mstari mmoja wa kosa, ikajifunga. Wakawasha tena, vilevile. Wifi mtu akaanza kulaumu diski. Bi Nukta aliusoma ule mstari mara mbili, kisha akacheka peke yake.

"Kosa ni langu. Mwanzoni kabisa niliiambia ipime kasi ya mashine. Inazunguka mizunguko kadhaa, inaangalia saa, inagawanya. Hiki cha kwako kina haraka, kinamaliza kabla saa haijasogea. Inagawanya kwa sifuri."

"Kwa hiyo kimekuwa kizuri mno?"

"Kipunguze mwendo."

Wakakipunguza mpaka kikawa kizito kama zile za zamani. Skrini ikawa nyeusi, maandishi ya kijani yakatoka, na Bi Nukta akaandika namba ya mwashi. Miguu yake mitano ikajipanga mmoja baada ya mwingine, wa tatu ukiwa na maneno haya chini: hana malalamiko.

Ingekuwa mtu mwingine angeishia hapo. Lakini rejista ilikuwa ya vyumba viwili, na bila cha pili isingehifadhi hata kipimo kimoja kipya. Jumanne wakakipeleka karakana kikompyuta hicho na kingine kama hicho, kilichotiwa nakala ileile. Shida ni kwamba rejista ilizungumza lugha ya mitandao ya zamani, ambayo mitandao ya siku hizi haiipitishi. Wifi mtu alikuwa na dawa: programu ya kuigiza iliweza kuufunga kila ujumbe wa zamani ndani ya ujumbe wa kisasa, ukasafiri hewani, ukafunguliwa upande wa pili. Kikompyuta kimoja kilipewa kazi ya kupokea, cha pili kikapewa anwani ya mwenzake.

Bi Nukta alikaa chumba cha vipimo, akabonyeza. Kimya. Patasi akachungulia kutoka chumba cha kuchonga, chokaa ya plasta hadi kwenye nyusi.

"Hakijaja kitu huku. Labda wifi imekataa?"

"Wifi gani?" wifi mtu akamjibu. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, sijakataa kazi."

Walicheka, lakini mchana ule wote walijaribu bila mafanikio. Walihamisha vikompyuta, wakafungua milango, wakavuta kebo kupitia dirishani. Ujumbe ulionekana unatoka na unafika. Rejista ya upande wa pili iliutupa tu. Jumatano hali ikawa ileile. Alhamisi mkuu alipita mlangoni, akatazama saa yake, akaondoka, na hilo lilimuuma Bi Nukta kuliko kama angegombezwa.

Ijumaa alipiga moyo konde, akamwomba kila mtu atoke. Alifungua programu yake, ile aliyoiandika akiwa na mtoto mgongoni, akaanza kuisoma tangu mstari wa kwanza kama anavyosoma mtu barua zake za ujana. Mengine aliyaonea aibu, mengine akajivunia. Ukurasa wa saba akasimama. Pale alikuwa ameandika kwamba kila mashine ina namba ya kituo, na ujumbe unaotoka kwenye kituo chenye namba yako ni sauti yako mwenyewe, usiusikilize.

Vile vikompyuta viwili vilikuwa nakala ya diski moja. Vyote vilijiita kituo cha kwanza.

Akaenda chumba cha kuchonga, akafungua kijifaili kidogo, akafuta moja, akaandika mbili. Akarudi, akakaa, akaita namba ya mwashi, akabonyeza. Akasubiri.

"Bi Nukta," sauti ya Patasi ikatoka ng'ambo ya ukuta, polepole kama mtu anayeogopa kukiamsha kitu. "Mguu wa tatu uko hapa mbele yangu. Nibonyeze?"

"Bonyeza, baba."

Kijimstari cha kijani kikaandika: imeonekana, imehifadhiwa. Bi Nukta alishusha pumzi ya wiki mbili. Wifi yake akamkumbatia mpaka miwani ikamwanguka, na mkuu, aliyefuata kelele, alisimama akisoma skrini kwa muda mrefu. "Ile kampuni nitaipigia simu," alisema hatimaye. "Nitawaambia tuna mfumo."

Mwashi alipata mguu wake siku ya tisa baada ya hapo. Alizunguka uani mara mbili, akapanda ngazi za stoo, akateremka, akauliza mahali pa kuyaacha magongo.

Na kwa kuwa ujumbe sasa ulipita kwenye mtandao wa kawaida, haukuwa na sababu ya kuishia ukutani. Mwezi uliofuata kliniki ya upande wa pili wa mji ikapewa kikompyuta chake, kituo cha tatu, na wateja wa huko wakaacha kusafiri nusu siku ili wapimwe tu. Wiki ya kwanza muuguzi wa kliniki ile alipiga simu karakana.

"Samahani, mama. Watoto wanakua haraka, tungependa pawe na nafasi ya kuandika urefu wao kila miezi mitatu. Aliyetengeneza programu hii anapatikana wapi?"

"Unaongea naye," alisema Bi Nukta. Akavuta kibodi karibu, akafungua ukurasa wa nne wa programu yake, penye orodha ya vipimo. "Nitajie vipimo mnavyotaka, mwanangu. Taratibu, ninaandika."