Balbir, Seremala wa Bastola Ambazo Hazijazaliwa

Jumamosi asubuhi, duka la viungo lililo mbele halijainua mlango wake, Balbir Singh ameshabana kipande cha mbao ya mpeasi kwenye jiliwa na anakipitishia tupa. Vumbi jekundu linamwangukia ndevuni. Anapuliza, anakishika, anakigeuza, anakirudisha.

Anayechungulia dirishani ataona bastola. Silinda ipo, mtutu mfupi upo, kifyatulio kipo. Lakini ni mbao tupu. Haina tundu linalopita wala chuma cha kugonga.

"Hii hakuna kiwanda inatengeneza," anasema kwa Kiswahili cha Kisumu ambacho miaka yote ya London haikukifuta. "Marekani hakuna, Ujerumani hakuna. Iko kwa kichwa ya Pravin, mteja yangu, peke yake."

Balbir ana umri wa miaka sitini na mmoja. Karakana yake ni banda la uani, nyuma ya duka la mdogo wake Chaman, hapa Southall, London. Wateja wake ni wapenzi wa bastola wasiokuwa na bastola, na kila mmoja humletea mchoro wa ile anayotamani ingetengenezwa: ndogo ya kutosha kiganja, nyepesi, yenye risasi za upana autakao yeye. Balbir huichonga ili mwenyewe aone angalau ingekuwaje mkononi.

Keshokutwa, Jumatatu, Oktoba mosi 2007, kazi hiyo itakuwa kosa la jinai. Sheria mpya inakataza kutengeneza au kuuza kitu kinachofanana na bunduki ya kweli, hata kiwe cha mti. Njia za kupita ni chache. Kiwe kidogo kama cha kuning'iniza kwenye funguo, au kiwe na rangi kali ya kupiga kelele, mtu asidanganyike.

Kwa Balbir hilo si jambo dogo. Magoti yake yalishagoma kupanda ngazi za nyumba za watu kufunga makabati ya jikoni, kazi iliyomlisha kwa miaka mingi. Pensheni bado iko mbali. Pauni tisini anazolipwa kwa kila bastola ya mbao, mbili au tatu kwa mwezi, ndizo zinazolipa gesi na umeme.

Mkewe, Parminder, anasema pesa zingepatikana kwingine. Anachokiogopa ni Jumamosi zisizo na mtu. "Wakiacha kuja, atakaa hapa anaangalia ukuta," anasema. "Namjua huyu."

Balbir alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa fundi wa reli. Yeye alijifunza kazi Nairobi, katika karakana za reli hizo hizo, akichonga mifano ya mbao ambayo mchanga wa kalibu hufinyangwa juu yake kabla ya kumiminwa chuma. Alifika London mwaka 1968 na kuifanya kazi hiyo hiyo katika kiwanda kimoja cha kusubu chuma magharibi ya jiji, mpaka kiwanda kilipofungwa.

Hajawahi kupiga risasi hata moja. Aliyemwingiza humu ni Pravin, mfamasia wa mtaa wa Stanmore, mzaliwa wa Mombasa, aliyemwajiri kumtengenezea rafu za dawa. Pravin alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha iliyokuwa chini ya matao ya reli. Huko ndiko alikokutana na Himid, Mpemba wa mtaa wa Barking, karani wa halmashauri, baada ya kumsikia akijihesabia alama kwa Kiswahili.

Mwaka 1996 watoto wa shule waliuawa kwa bastola kule Scotland. Mwaka uliofuata bastola zikapigwa marufuku na klabu ikafa. Pravin na Himid walipeleka zao polisi, wakalipwa, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Balbir hailaumu sheria ile. Siku ya msiba alikuwa akifunga kabati jikoni kwa mama mmoja, redio ikatangaza. "Yule mama alikaa chini kwa ngazi, hakuamka mpaka nimemaliza kazi," anakumbuka. "Mimi pia niko na watoto. Sheria ilikuwa sawa."

Lakini hamu haikukusanywa na polisi. Pravin na Himid waliendelea kukutana na kubishania bastola ambazo wangezitaka. Pravin alitaka risasi nyembamba za .32, kwa hoja kwamba silinda ndogo ingebeba sita na teke lake ikifyatuliwa lingekuwa la upole. Himid alitaka matundu matano tu, risasi nene, mtutu usiozidi kidole. Mchana mmoja walibishana hivyo karakanani hadi Balbir akachoka, akaokota kipande cha mbao na kuwaambia wachore.

Ya kwanza ilimtia aibu. Pravin aliishika, akaipima, akasema imenenepa. Balbir akabisha, kisha akaiangalia rula yake akacheka mwenyewe. Chuma kikipoa husinyaa, kwa hiyo rula ya fundi wa mifano ya kusubia hurefushwa kidogo makusudi. Mtu aliyetaka bastola ndogo kuliko zote alikuwa amechongewa kubwa, kwa ajili ya chuma ambacho hakitamiminwa kamwe.

Tangu hapo mpini haupimi kwa rula. Huchukua donge la unga wa chapati uliokandwa mkavu, mteja akalifinya kama anashika bastola yake, na Balbir akachonga akifuata mabonde ya vidole. Parminder amelalamikia unga huo kwa karibu miaka kumi. Kila Jumamosi hukanda na wa ziada.

Saa nne Himid anaingia, koti limelowa mvua. Pravin anafuata polepole, mkono wake wa kulia ukiwa mfukoni. Mwezi wa pili alipata kiharusi, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuja tangu augue. Kipunjabi cha mwenyeji hakielewani na Kigujarati cha mgeni wake, na Himid hajui hata kimoja, kwa hiyo humu ndani kinachosemwa ni Kiswahili, cha Kisumu, cha Mombasa na cha Pemba, kila mtu akicheka cha mwenzake.

Balbir anawaonyesha majaribio ya wiki nzima. Moja ni kibastola cha kuning'iniza kwenye funguo. Anakishika kwa vidole viwili kama sindano na kukirudisha mezani. Hakina kiganja, anasema, na yeye hachongi kitu kisichokuwa na kiganja.

La pili ni bastola ya Himid mwenyewe, ile ya matundu matano, iliyopakwa rangi ya manjano.

Himid anaikodolea macho. "Hii embe, ama bastola?"

"Shika kwanza, bwana."

"N'shike mie? Wajukuu zangu wakin'ona na kitu hichi watasema babu keshaanza kupotea. Tena watasema kwa Kiingereza, n'sifahamu."

Parminder, aliyeleta chai, anacheka mpaka sinia linatikisika. Balbir hacheki. Anaeleza kwamba amepigia simu wateja wake wengine wanne kuhusu rangi. Wawili walikataa, mmoja alisema atafikiri, wa nne hakupokea.

Himid, akiona ameumiza, anageuza maneno. Anamwambia Balbir asijisumbue na rangi leo. Ile ya Pravin iko kwenye jiliwa, imebaki msasa. Aimalize jioni hii, ampe kesho ikiwa mbao tupu, halali, kabla ya Jumatatu. Iwe ya mwisho na ya heshima.

Kumbe ndivyo Balbir alivyokusudia, na ndiyo sababu ameamka mapema. Anaifungua bastola kutoka kwenye jiliwa, anaifuta vumbi kwa kitambaa na kumpa mwenyewe.

Pravin anautoa mkono mfukoni. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja na havinyooki. Anaupachika mpini kiganjani kwa msaada wa mkono wa kushoto, na kila mtu karakanani anaona kwamba haukai. Mabonde yaliyochongwa kufuata vidole vyake vya mwaka jana yamebaki wazi.

"Si wako," Balbir anasema taratibu.

"Ulikuwa wangu."

Parminder anakwenda jikoni na kurudi na donge la unga. Pravin analifinya kwa nguvu zote alizonazo, mpaka shingo inamkakamaa. Alama anayoiacha ni ya juu juu, vidole vitatu tu, na kidole gumba kimeteleza pembeni.

Balbir analigeuza donge lile kwenye mwanga wa dirisha. Anasema mpini huu itabidi auanze upya, utakuwa mnene upande mmoja, na atauwekea egemeo la vile vidole viwili. Anasema pia, bila kumtazama Pravin, kwamba kazi hiyo haiishi kesho. Ni ya wiki tatu.

"Basi itafika Oktoba," anasema Pravin.

"Itafika."

"Basi ipake rangi. Mimi kwa macho naona vitu vingi. Kwa mkono huu nataka kushika kimoja." Kisha anaongeza kwamba anataka nyekundu, ile ya masanduku ya posta, na matundu yabaki sita.

Balbir anaandika neno moja tu kwa penseli kwenye ubao ulio ukutani: nyekundu. Kisha anasema jambo ambalo, kwa maelezo ya Parminder, hajamwambia mtu mwingine. Kuanzia Jumatatu anataka kuchonga na mipini mingine, ya fimbo, ya visu vya jikoni, ya vijiko, kwa mikono kama ya Pravin, kwa unga ule ule. Majira ya kuchipua ataomba meza moja katika ukumbi wa jumuiya, apange bastola za rangi upande huu na mipini upande ule. Watu washike.

"Nani atakuja kushika?" Parminder anamuuliza.

"Watu wana mikono," anajibu.

Himid ameshasimama, koti limefungwa mpaka shingoni, kitasa cha mlango mkononi. Anauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama sheria hiyo inaruhusu kijani. Balbir anamjibu kwamba kijani ruhusa, mradi iwe kali.

"Mie sitaki kijani cha plastiki. Nataka cha jani la mgomba likifunguka. Na matano. Sita ni tamaa."

"Sita ni hesabu," anasema Pravin.

Balbir anavuta kigoda kwa mguu na kukisukuma kuelekea mlangoni. "Toa koti kwanza, Himid. Kaa."