Kidevu Juu Kidogo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Kidevu, na wala hakuwa nacho cha kutosha. Chake kilijificha shingoni kama mtoro wa shule. Jina lilitoka kazini. Alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti, na kila aliyekaa kwenye kile kistuli aliambiwa yaleyale: tulia, usicheke, macho wazi, kidevu juu kidogo. Picha yake ilikuwa haijawahi kukataliwa na ofisi yoyote. Hilo aliwaambia hata wasiomuuliza.

Basi mdogo wake wa kike akaitwa kuimba na bendi, jukwaani, mara yake ya kwanza. Mama yao alikuwa kitandani, kavunjika nyonga. Akamwambia Kidevu, "Mwanangu, miguu ya kwenda sina. Niletee picha nimwone akiimba."

Kidevu akasema hilo dogo. Lakini mkewe alimwona jikoni anakunywa maji glasi juu ya glasi. Watu wa kistuli hawarukiruki, mwimbaji hatulii.

Akaanza kujiandaa mapema. Kiongozi wa bendi alishakataza flashi, kwa hiyo Kidevu akafunga mapazia mchana kweupe, akatundika tochi kabatini, akamsimamisha mkewe na mwiko aimbe. Mke akaimba, akakata kiuno, akauliza kama picha hiyo ni ya kuombea viza au mpigaji ndiye wa kuombewa. Za kwanza zilitoka kama moshi. Kidevu akailaumu tochi. Taratibu akajifunza kubana viwiko mbavuni, na kubonyeza mtu anapotua, si anaporuka.

Siku ya mazoezi ya bendi akaenda ukumbini, akaangalia taa ya njano inaangukia wapi, akajichagulia kona karibu na spika. Akampiga mdogo wake picha mpaka betri ikaomba radhi. Kisha akakaa kwenye ngazi kuchambua. Macho yamefumbwa, futa. Macho wazi, bakiza. Kidole cha pasipoti hicho, hakifikiri.

Akampelekea mama zilizobaki. Mama akazitazama, akazirudia, akavua miwani.

"Huyu nani?"

"Si ni mwanao huyo, mama!"

"Huyu anasubiri basi. Wangu akiimba anafumba macho. Unadhani sahani zangu zilivunjikaje, akiimba huku akiosha vyombo?"

Kidevu akakitazama kile kidole. Alikuwa amemfuta mdogo wake kwa kidole chake mwenyewe.

Akamuuliza mdogo wake huwa anafumba macho sehemu gani ya wimbo. "Kaka, ningejua si ningekuwa nimefumbua?" Ikabidi azisikilize nyimbo zake zilizorekodiwa mazoezini, akinyoa ndevu, akila, akiwa kibandani, mpaka akagundua kwamba kabla ya kiitikio binti huvuta pumzi ndefu. Pale pale, akakisia, ndipo anapofumba. Akazama humo hadi mteja mmoja akarudi amenuna: ofisi imeikataa picha, kafumba macho. Sifa ya miaka ikaenda na maji.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Kidevu yuko konani, viwiko mbavuni. Mdogo wake akapanda, akakauka. Kaganda na maikrofoni, kidevu kifuani, macho yamemtoka kama yuko kwenye kistuli. Wimbo wa kwanza ukapita hivyo. Wa pili ukaanza hivyo. Kidevu akamwona mama akilini, na ile miwani yake, anauliza tena huyu nani.

Ngoma zikanyamaza, kiitikio kinakuja. Na mdomo wa Kidevu, bila kumwomba ruhusa, ukasema kwa sauti ya kibandani:

"Kidevu juu kidogo."

Ukumbi mzima ukacheka. Mdogo wake akageukia kona, akamwona, naye akacheka. Akainua kidevu, akavuta ile pumzi, macho yakajifumba yenyewe. Sauti iliyotoka ilimfanya mpiga ngoma ageuke kumtazama. Kidevu akabonyeza.

Kesho yake mama aliishika ile picha kwa mikono miwili. Halafu akamwita mkwe wake aliyekuwa jikoni.

"Mwanangu, huyu anakuja kula leo. Zifiche sahani."