Maandishi Chini ya Mbuzi

Baba alipoacha kusikia, nyumba yetu ilijifunza kuandika. Ugonjwa ulikuwa umemlaza hospitalini kwa muda mrefu. Alipotoka, nguvu za miguu zilirudi, hamu ya kula ikarudi, masikio hayakurudi. Daktari alisema ni zile dawa zenyewe zilizomponya. Baba alikuwa amefundisha shule ya msingi hapa Butembo mpaka nywele zikawa nyeupe, kwa hiyo hakutafuta mbali: alitundika kibao kwenye msumari sebuleni, akaweka chaki ndani ya kopo la maziwa, na tangu hapo mtu mwenye neno kwake huliandika. Yeye hujibu kwa mdomo, kwa sauti ya darasani, kwa sababu hajui tena sauti yake inafika wapi. Inafika kwa majirani. Siri zetu wanazijua nusunusu: majibu wanayasikia yote, maswali hawajawahi kuyasoma.

Mwaka jana dada yangu aliposwa. Mchumba wake ni mfanyakazi wa serikali, mtu wa mkoa mwingine, ambaye ofisi yake iko Oicha na nyumba yake Beni. Kwetu mahari ni mbuzi, na mbuzi maana yake mnyama anayelia, si bahasha. Kwao ni desturi nyingine. Basi siku hiyo yeye na ndugu zake walipita Butembo bila kusimama, wakaenda hadi soko la Musienene, wakanunua mbuzi kama wageni wanavyonunua, kwa uzuri wa rangi, kisha wakarudi nao nyumbani kwetu ndani ya gari la kukodi.

Baba wa binti hasemi siku kama hiyo. Anakaa mbele, na mtu mwingine anasema kwa niaba yake. Msemaji wetu alikuwa baba mudogo, mdogo wake Baba, mfanyabiashara wa maharagwe, mtu ambaye ulimi wake umeshawahi kuuza hata maharagwe yenye wadudu. Msemaji wa upande wa pili alipouliza, kama inavyopasa, "Baba wa binti amesikia maneno yetu?", baba mudogo alijibu kitu kifupi, na turubai zima tulilowafungia wageni uani likaangua kicheko. Watu wote wakageuka kumtazama Baba. Baba akaona meno kila upande, akacheka na yeye.

Jioni, wageni walipoondoka, aliuliza:

"Balicheka nini?"

Mama akaandika: *Kitu kidogo tu.*

Baba akafuta. "Kitu kidogo gani?"

Nikaandika: *Utani wa baba mudogo.*

"Utani gani?"

Chaki ilibaki kwenye kopo. Siku kadhaa baadaye alinikuta ninachambua mboga, akaketi karibu nami, akasema kwa sauti ambayo nadhani yeye aliihesabu kuwa ya kunong'ona: "Mutu kucheka kitu hajui, ni sawa kutia saini pa karatasi hajasoma." Majirani, bila shaka, walilisikia jibu hilo na kujiuliza swali lilikuwa nini.

Mpiga picha alipotuletea video ya sherehe ndani ya clé, kile kijiti kidogo kinachochomekwa kwenye mashine, Baba alishajua anachotaka.

"Wewe mwandishi, utaniandikia maneno yote. Chini ya picha, sawa filimu. Na nitaangalia hapa pa salon, pa televizyo, bote bakiwa. Dada yako na bwana wake batoke Beni. Na ule ndugu yangu naye akuye."

Nilikaa na kompyuta yangu nikaandika sherehe nzima, sentensi kwa sentensi. Kazi yangu ni riwaya. Nimezoea kuwapa watu maneno, si kuwanyang'anya. Nilipofika kwenye lile jibu la baba mudogo, niliandika kitu kingine, *Kaka yangu anawakaribisha*, nikakiacha hapo mchana kutwa. Kilikuwa na urefu mzuri. Kilikaa vizuri chini ya picha. Lakini mimi nimesomeshwa na baba yangu mwenyewe, darasa la nne, na kwenye imla yake mtoto aliyeboresha maneno ya mwalimu alipata sifuri sawa na aliyeyaharibu. Nikafuta, nikaandika yaliyosemwa.

Baba mudogo alikuja kesho yake. Hakuingia ndani, alinisimamia dirishani.

"Mwandishi, ile fasi yangu umeiandika namna gani?"

"Vile ulisema, baba mudogo."

"Vyote?"

"Vyote."

"Ah, weye! Unaandikaka batu hata habako mu dunia, unabapatia mineno ya asali. Mie niko hapa na nyama na mifupa, unashindwa kunipatia hata moya? Andika tu 'watu wanacheka'. Si ni kweli? Balicheka."

Nilimwambia kwamba hilo Baba analijua tayari.

Tatizo likahamia kwenye televisheni. Yetu ni ya zamani kidogo, ilitoka Kampala juu ya magunia. Ukichomeka clé, inaonyesha picha, lakini maandishi yaliyo kwenye faili la pembeni haiyaoni kabisa, kama vile nayo ilitumia zile dawa. Dada yangu akatutumia kutoka Beni kisanduku kidogo cheusi cha kusomea clé, kwa mkono wa dereva. Kilileta maandishi, madogo kama sisimizi, na mstari wa chini ulikatwa nusu na ukingo wa kioo. Kisha kila umeme wa mtaa ulipolegea, kilizima, kikaanza upya na rangi zake za kukaribisha. Baba alikivumilia mpaka kikatukaribisha mara nyingi kupita adabu.

"Hii inasalimia tu," alisema. "Haisemi kitu kenye ilikuya kusema."

Tukaamua kununua lecteur, mashine ya kusomea video, na kuichagua kwa kuijaribu. Baba alipima kwanza. Alichukua kamba ya mgomba, akaivuta kutoka kwenye kiti chake mpaka kwenye televisheni, akaikata hapo, akaizungusha mkononi na kuitia mfukoni. Kibao akakikumbatia kwapani. Na baba mudogo akaja pia, kwa sababu kwetu mkubwa habishani bei. Mkubwa anaonyesha kidole, mdogo anagombana. Kwa hiyo mtu aliyeyaogopa maandishi yale ndiye aliyekwenda kuyagombania.

Duka lilikuwa katikati ya mji, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa kitenge cha njano, mwepesi wa mikono. Hakuuliza tunataka nini. Alichomeka mashine pana yenye spika mbili na kufungua muziki mpaka bati likatetemeka.

"Papa, sikia vile inapiga! Hata batu ba ng'ambo ya mutoni batacheza!"

Baba mudogo akaweka mkono juu ya spika kama anayebariki. "Yaya," alimwita Baba, maana kwetu ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa, "hii njo mashine. Ona kifua yake!"

Baba aliangalia midomo yao, akaangalia spika, akaelewa.

"Mama, mie ni kiziwi!" alisema, na barabara nzima ikajua. "Unataka kuniuzisha makelele?"

Mama wa duka hakuona haya hata kidogo. Alicheka, akazima muziki, akachukua kibao kwapani mwa Baba bila kuomba, akaandika: *Pardon papa. Leta clé yako.*

Ile ya spika haikuonyesha herufi hata moja. Akaleta nyingine, nyembamba, inayong'aa. Maandishi yalikuja, makubwa, meupe, na mimi nilikuwa tayari kusema tuchukue. Baba akasema:

"Simamisha."

Mama wa duka akabonyeza. Picha ikasimama, na maandishi yakafutika.

"Hapana."

"Lakini yaya," baba mudogo alisema, akisahau kuandika, "nani anasimamishaka filimu? Filimu inatembeaka!"

Ya tatu mama wa duka hakutaka hata kuitoa. Ilikuwa ya kijivu, yenye mikwaruzo, sanduku lake limeliwa na panya, na vitufe vya rimoti yake vilikuwa vinene kama vya mtoto. Lakini ilikunywa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola kama ya kwetu, bila kungojea ule wa mtaa. Nikafungua mipangilio yake: maandishi yanakuzwa, maandishi yanapandishwa yasiguse ukingo. Nilimwandikia Baba hayo. Akatoa kamba yake mfukoni, akampa mama wa duka ncha moja aishike kwenye kioo, na yeye akarudi kinyumenyume na ncha ya pili. Duka lilikuwa fupi kuliko sebule yetu. Akatoka mlangoni, akasimama barabarani kati ya watu na vikapu, na msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akalazimika kusimama ghafla.

Kutoka huko alisoma, kwa sauti ya darasani: "'Tumekuja kwa amani! Tunaomba maji ya kunywa!'"

"Karibu, papa," alijibu msukuma chukudu.

"Simamisha!"

Picha ikasimama. Maandishi yakabaki.

"Hii," Baba alisema, akaonyesha kwa kidole. Kuanzia hapo kazi haikuwa yake tena. Aliingia, akaketi juu ya sanduku la redio, akaipakata mashine.

Baba mudogo alitaja bei yake, mama akataja yake, wakaitana wezi kwa heshima zote, naye baba mudogo akafanya kinachofanywa: akatoka dukani. Mtu anatoka, anatembea hatua chache, anaitwa, anarudi. Mama wa duka aliita. Hakurudi. Aliita tena, akashusha. Nilimwona kwenye kona, amesimama mbele ya muuza ndizi bila kununua chochote, mgongo wake umetuelekea. Kama hatarudi, biashara imekufa. Baba asingeinunua mwenyewe, na mimi ni mtoto. Mama wa duka alinitazama. "Ule papa yenu anakasirika kweli, ao?" Baba alikuwa anafuta vumbi kwenye ile mashine kwa mkono wa koti.

Kisha baba mudogo alirudi. Alikubali bei ya pili ya mama bila kuongeza neno, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akalipokea sanduku lililoliwa na panya. Njiani hakunitania.

Jumapili baada ya misa walikuja wote. Dada na mume wake walikuwa wametoka Beni asubuhi, Mama alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, betri ilikuwa imejaa jua. Baba alikaa kwenye kiti chake, rimoti mkononi. Baba mudogo alichagua kibao cha kukalia karibu na mlango.

Hatukujua kwamba angesoma kwa sauti. Alisoma kila mstari, salamu, shukrani, maombi, kwa hiyo tulisikia sherehe mara mbili, mara moja kutoka kwenye televisheni na mara moja kutoka kwake, yeye akiwa nyuma kidogo. Mume wa dada alipotokea kwenye picha na tai yake, Baba alisoma hata kikohozi, maana nilikiandika. Kisha likaja swali, na kisha jibu.

"'Mkubwa wangu hasikii tena,'" Baba alisoma. "'Lakini hizi mbuzi anaziona.'"

Kwenye televisheni kicheko kilianza. Baba alibonyeza, picha ikasimama. Baba mudogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Dada yangu alinitazama kwa macho ya kuuliza kwa nini sikuandika kingine. Kwenye kioo, baba mudogo wa mwaka jana alikuwa amefungua mdomo, na chini yake maneno yake meupe yamekaa tuli.

Baba alisoma tena, kimya, midomo tu ikisogea. Akarudisha nyuma kidogo. Akasogeza mbele. Akasimamisha tena. Kisha akainuka, akachukua chaki kwenye kopo, akaenda mpaka kwenye televisheni, na kwa ncha ya chaki akagonga kioo, si kwenye maneno bali juu yake kidogo, nyuma ya bega la baba mudogo, mahali ambapo mbuzi mweusi alikuwa anavutwa na kamba. Mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa hewani.

"Ni kweli, niliziona," alisema. "Na hii niliiona, siku ile ile. Iko kilema. Nilikuwa nashangaa pale pa kiti: ndugu yangu anasikia muzuri, mbona anapokea mbuzi ya miguu tatu?"

Mama ndiye aliyeanza. Alijifunika uso na kitenge, mabega yakitikisika. Mkwe wetu alisimama, akaketi, akasimama.

"Papa, ule muuzaji alituambia eti... imechoka na njia."

Dada alimwandikia Baba maneno hayo, akikosea herufi kwa kucheka, na Baba akayasoma kwa sauti, na nadhani hata nyumba ya tatu ilicheka.

Baba mudogo alikuwa bado mlangoni. Akainuka polepole, akaja mpaka kwenye msumari, akachukua kibao. Ni mtu wa maneno ya mdomo. Sijui kama aliwahi kumwandikia kaka yake kitu kirefu kuliko salamu. Alishika chaki kama anayeshika kisu cha mtu mwingine. Aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, akamgeuzia.

Baba akasoma: "'Nilisikia inalia vizuri, yaya. Unisamehe.'"

Akacheka kabla yetu. Tulimfuata sisi.

Aliporudi kwenye kiti, alibonyeza, picha ikaendelea. Mbuzi mweusi alichechemea akatoka upande wa kushoto, turubai likacheka, vichwa vikageuka, na pale mbele, peke yake, baada ya wengine, Baba wa mwaka jana akacheka. Baba wa sebuleni alimtazama bila kusimamisha picha.

Mwezi uliofuata mkwe wetu alileta mbuzi mwingine kutoka Beni. Baba alimzungusha uani mara kadhaa, kwanza kwa kamba, kisha bila kamba, ndipo akasema tumpokee.