Aline na hesabu za uuguzi

Wananchi wa Ngagara, kwa masikitiko makubwa natangaza: leo nimejiuzulu kazi ya kuwashauri watoto wangu kuhusu masomo.

Aline, binti yangu, anataka kusomea uuguzi. Nikamwambia minerval, yaani ada ya shule, ni kubwa, mshahara wa muuguzi ni mdogo, sasa pesa itarudi lini?

Akaniuliza kwa adabu zote: «Papa, na pesa ya chuo kikuu, ya licence yako ya sociologie, ilirudi lini?»

Mi nauza vigae kwenye duka la shemeji.

Mama yake akatoka kwenda uani kucheka.

Haya, niseme ukweli, mnicheke vizuri. Hesabu nilishaifanya. Akibaki hapa, pesa itarudi nimeshazeeka. Akienda kufanya kazi Canada kama wauguzi wengine, itarudi haraka.

Nilichoogopa ni hiyo Canada, siyo minerval.

Mchana nimeenda kumwandikisha.