Mama, waza nyumbani

Leo nimemupandisha mama yangu tansio, presha ya damu, kwa kinywa changu mwenyewe.

Programu ya kukinga sukari na tansio ilitoka Lilongwe, ikatupima hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mi njo nilikuwa natafsiri Kichewa.

Nesi akamupima mama. Iko juu sana.
Nesi ni mutu muzuri, sibishi. Akasema: "Amayi apumzike kwanza. Afunge macho, awaze nyumbani, halafu tutapima tena."

Nyumbani kwake huyo nesi ni Area 23, kule Lilongwe. Batoto, ugali wao wa nsima, redio.

Na mi mujinga nikatafsiri vile vile: "Mama, funga macho, waza nyumbani."

Akafunga.

Nyumbani kwetu ni Uvira, Congo. Kaka yangu alibaki kule, mpaka leo hatujui alizikwa na nani.

Bakapima tena: imepanda kupita ya kwanza!

Nesi akatikisa kichwa, akaandika kwenye karatasi yake: apunguze chumvi.

Nikamusomea mama. Akafungua macho.
"Chumvi? Mwambie siku hizi chumvi njo mboga yetu."

Hiyo sikuitafsiri.
Nyinyi mungeitafsiri?