Jina la Binti Ambaye Hajafika

Binti tuliyeomba kumlea kama wetu yuko Burundi, kwenye kituo cha watoto yatima, na faili lake limekwama mahali ambapo hakuna wa kutuambia ni wapi. Mwaka wa pili wa kusubiri nilichoka kuitwa "dada" sokoni Kahama, ninakouza mchele. Nikawaambia wenzangu waniite Mama, kisha wataje jina la binti yangu.

Mama mkwe alikasirika. Mtoto hatajwi kabla hajafika, alisema, ni kumwitia balaa. Nikamjibu, "Mama, huyu ameshazaliwa. Mungu anajua alipo, na mimi najua anaitwaje."

Nikaitika jina hilo kila siku, hata siku ambazo sala ilinikaukia mdomoni.

Kisha afisa ustawi wa jamii akaja sokoni bila taarifa, kuulizia tabia zangu. Alimsomea muuza dagaa jirani yangu majina yangu yote matatu. Jirani akatikisa kichwa.

"Huyo simjui. Hapa yupo Mama..." akalitaja jina la mtoto.

Afisa akapekua karatasi zake, akalikuta. "Basi ndiye," akasema.

Kibali hakijatoka hadi leo, na mimi bado naitika.